Nguo ya nyota bila ushahidi ni mtumba tu

Gauni jeupe alilovaa Marilyn Monroe katika filamu ya The Seven Year Itch ya mwaka 1955 liliuzwa Marekani mwaka 2011 kwa dola milioni 4.6, kabla ya ada ya mnada. Bei kama hiyo inaweza kumshawishi muuza mitumba wa Tunduma aliyekuta gauni la kizamani kwenye robota alifiche akisubiri tajiri.

Hiyo ni hasara. Mnunuzi yule hakulipia kitambaa, alilipia ushahidi. Ilijulikana aliyelibuni, Travilla, na aliyelitunza, mwigizaji Debbie Reynolds, ambaye alinunua mavazi mengi kwenye mnada wa mali za MGM mwaka 1970. Mtaji wake ulilala miaka 40.

Robota halina kumbukumbu. Kwa mwenye mtaji mdogo mpakani, faida ni mzunguko: auze leo, anunue robota jingine kesho.

Anayetaka kukusanya aanze na mavazi ya filamu za hapa nchini, akidai picha, maandishi ya mtayarishaji na stakabadhi. Akivikosa, alipe bei ya mtumba, asilipie jina.