Gemu Haisubiri Mashine ya Bei Kali

Muulize kijana wa Suneka au Keroka anayetamani kutengeneza gemu amefika wapi. Atakwambia anangoja mashine. Ameaminishwa kwamba bila kompyuta yenye kadi ya grafiki ya bei kali, na bila Unreal, programu kubwa ya kutengenezea gemu, kazi yake itakuwa mchezo wa watoto. Mwaka unaisha, mwingine unaingia, na hajaandika hata mstari mmoja wa msimbo. Imani hiyo ni ya uongo, na inatunyang'anya vipaji.

Mwaka 2015 Maddy Thorson na Noel Berry walitengeneza toleo la kwanza la gemu ya Celeste kwa siku 4, ndani ya PICO-8, programu iliyobanwa kwa makusudi: skrini ya nukta 128 kwa 128, rangi 16, basi. Toleo kubwa lililosifiwa duniani lilitoka 2018, na lilizaliwa na hilo dogo. Katika Thomas Was Alone ya Mike Bithell wahusika ni mistatili mitupu, na bado unawaonea huruma. Papers, Please ya Lucas Pope, ya 2013, inakukalisha kwenye dawati la afisa wa mpakani ukikagua pasipoti. Na Mkenya Wesley Kirinya alitoa gemu ya The Adventures of Nyangi mwaka 2007, miaka 3 kabla kituo cha teknolojia cha iHub hakijafunguliwa Nairobi. Chezeni hizi kwanza, mzichambue.

Una laptopu kuukuu? Pakua Godot, nayo ni programu ya kutengenezea gemu. Ni bure, faili lake halifiki megabaiti 200, halihitaji kusakinishwa, na lina namna ya kuchora iliyowekwa kwa ajili ya mashine dhaifu. Unreal itakula makumi ya gigabaiti za bando lako kabla hujachora hata mraba. Wanaoshikilia Unity, programu nyingine ya aina hiyo, nao wakumbuke Septemba 2023, kampuni yake ilipotangaza ada kwa kila gemu inaposakinishwa. Ada hiyo ilifutwa mwaka mmoja baadaye, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuhama.

Kwa picha, programu ya kuchora ya Krita inatosha. Usiyejua kuchora, mbunifu wa picha za gemu aitwaye Kenney ametoa maelfu ya picha ambazo unaruhusiwa kuzitumia, hata kuziuza ndani ya gemu yako, bila kumlipa.

Kwa sauti tumia programu ya kurekodi ya Audacity, na hapa ndipo Gusii imebarikiwa. Obokano, kile kinubi chetu cha nyuzi 8, ina mngurumo usioupata katika mafurushi ya sauti yanayouzwa mtandaoni. Mwendee mzee anayeipiga, mwombe ruhusa, mlipe, mrekodi kwa simu. Hadithi pia tunazo. Mwaka 1908 Otenyo, shujaa wa Abagusii, alimchoma mkuki Northcote, afisa wa serikali ya kikoloni, baada ya nabii Moraa Ng'iti kuwahimiza vijana wapigane. Jeshi la Waingereza likaja, likachoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Fikiria gemu inayokuweka katika boma moja siku hizo: unamficha mtu, unaokoa mifugo, au unakimbia? Programu ya Ren'Py, ambayo pia ni bure, inaweza kuibeba kwa maandishi na picha chache, kwa Ekegusii na Kiswahili. Kadi ya grafiki itafanya nini hapo?

Wala mtu asiniambie michezo hutengenezwa kwingine. Wachongaji wa Tabaka, Kisii, wanatoa seti za chesi kutoka kwa mawe ya sabuni, kwa panga, kisu na msasa, nazo zinauzwa ng'ambo.

Nakubali kwamba anayetaka kuajiriwa na studio kubwa za ughaibuni huenda siku moja akahitaji Unreal. Nakubali pia kwamba umeme hukatika na bando ni ghali. Hayo ni matatizo ya kweli, na yanazidi kuipa nguvu hoja ya kuchagua programu ndogo.

Walimu wa vilabu vya kompyuta Kisii na Nyamira, wekeni Godot kwenye flashi moja, ipite kutoka kompyuta hadi kompyuta. Leseni yake inaruhusu. Mwanafunzi apewe wiki 2: skrini moja, kitufe kimoja, na gemu iwe na mwisho. Aipakie kwenye tovuti ya itch.io bila malipo, wenzake waicheze kwenye simu, wamwonyeshe ilipowachosha. Kisha aanze ya pili.