Tuchague batri kwanza, mashine baadaye



Siku hizi mashine za batri, zile zisizo na waya, zinaingia vijijini mwetu: ya kutoboa na kufunga visi, msumeno, mkasi wa kupogolea kahawa, hata pompe ya kupulizia dawa. Mimi nazikubali. Fundi anayetengeneza meza za kukaushia kahawa mbali na umeme anamaliza kazi mapema, bila jenereta, bila kutafuta esanse. Lakini namna tunavyozinunua inakula pesa za koperative.

Tunaangalia mashine na bei yake, batri tunaisahau. Na mara nyingi batri ndiyo inayokufa kwanza. Ikifa, na ya kuibadilisha haipatikani, ile mashine inabaki mzigo tu katika deposi. Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, komite iulize maswali manne.

La kwanza: hii batri inaingia katika mashine gani nyingine? Kampuni nyingi zina umbo lao la batri. Mashine tatu za kampuni tatu mara nyingi ni chaja tatu, na hakuna inayoweza kuazima mwenzake batri. Tuchague familia moja na tubaki nayo.

La pili: nguvu yake ya kweli ni ngapi? Zidisha volti kwa ampea-saa. Batri ya 18 V na 5 Ah inabeba Wh 90. Ya 18 V na 2 Ah inabeba Wh 36 tu. Seli moja ya litiamu ina kama volti 3.6, tano zinafanya 18. Ile inayoandikwa 20 V mara nyingi ni seli zilezile tano zikiwa zimejaa, basi musiongeze pesa juu ya hiyo namba. Na mukiona 48 V kwenye kibatri kidogo, jueni kwamba 48 inataka seli 13 zilizofuatana. Majina makubwa pia yanaigwa. Nunueni kwa mtu anayetoa fakitire na garanti, na ambaye mutamukuta palepale mwaka ujao.

La tatu: tutaichaji na nini? Chaja nyingi zinataka umeme wa 220 V, kwa hiyo pano ya jua peke yake haitoshi. Munahitaji pia batri ya nyumba na onduleri. Kujaza ile batri ya Wh 90, pamoja na umeme unaopotea njiani, hesabuni kama Wh 120. Pano ya wati 100 inaweza kuzitoa kwa saa mbili za jua kali, lakini siku ya mvua musiitegemee.

La nne: nani ataitengeneza? Mashine yenye makaa ndani ya mota, makaa yakiisha, fundi wa karibu anaweza kuyabadilisha kwa pesa kidogo. Isiyo na makaa inadumu zaidi na inatumia batri vizuri, lakini kadi yake ya elektroniki ikiungua, kijijini hakuna dawa.

Hata mashine nzuri inataka mtu wa kuitunza. Batri ya litiamu musiiache juani, wala musiiweke miezi mingi ikiwa tupu; iwekwe nusu. Ikivimba, musiichaji tena. Pompe nyingi zina batri ya risasi: hiyo ijazwe kila baada ya kazi, na katika msimu usio na kazi ichajiwe mara kwa mara, la sivyo inakufa. Mtu mmoja ashike funguo na daftari: nani amechukua, lini amerudisha.

Na pale mkasi wa mkono unapotosha, tubaki nao. Hauombi chaja.

Mwisho, neno kwetu sisi watu wa miradi. Kuletea koperative mashine za aina tano ni kuiachia mzigo. Na ninyi wanamemba, mradi ukiuliza munataka nini, musijibu: «Chochote, tutashukuru.» Jibuni: «Batri zetu ni za aina hii. Leteni mashine inayoingiana nazo, na batri ya pili juu yake.» Kusema hivyo si kukosa adabu. Mradi utaondoka, lakini ile mashine itabaki mikononi mwenu.