IRITUNGU, GITAA NA MANENO YANAYOIMBWA

Huenda wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wakashangaa kuona safu hii leo inavuka bahari, inapita bara lote na kutua Tarime na Serengeti, wilaya za mkoa wa Mara zilizo jirani na mpaka wa Kenya. Jawabu letu ni fupi. Ugomvi unaozungumzwa huko tunaujua vizuri sana hapa kwetu: msanii amebadili ala na mavazi, na mashabiki wake wamegawanyika, hawa wakimshangilia na wale wakidai kwamba ameuza mali ya wazee.

Kwa wale wasiopata kuiona, iritungu ni ala ya Wakurya, kinanda kikubwa cha nyuzi nane, chenye bakuli la mti lililowambwa ngozi. Sauti yake ni nzito, ina mvumo wa nyuki ndani yake, na mpigaji aliyebobea huitumia kama mtu anayejibizana na mwenzake. Huimba huku akipiga, akitaja watu, ukoo, mifugo na mashujaa. Anayetajwa kwa sifa hutoa fedha hadharani. Anayetajwa kwa kejeli huondoka kichwa kimeinama. Kwa hiyo tusiidhanie kuwa ni burudani tu. Pale palipokuwa hapana gazeti wala redio, iritungu ndiyo iliyopitisha hukumu ya jamii.

Sasa wapo vijana wanaozitia nyimbo za namna hiyo katika kinanda cha umeme na ngoma za mashine. Husimama mbele ya kamera na miwani meusi na suruali za jinzi, pahali ambapo babu zao walivaa ngozi na manyoya. Shabiki mzee akiwatazama husema kwamba iritungu imekufa. Shabiki kijana humjibu kwamba bila ya umeme huo yeye asingeisikiliza kabisa, angeendelea na nyimbo za Dar es Salaam na Nairobi. Kila mmoja ana sehemu ya haki, nasi hatuna haja ya kumkejeli yeyote. Ila tunaona kwamba wote wawili wanatazama nguo na nyaya, na jambo kubwa zaidi linawapita.

Kosa hilo si geni, na sisi wa Chama tunapaswa kulikiri kwanza. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama katika mkoa huohuo wa Mara, alilisikitikia Bunge kwamba wasomi wetu walijua kucheza rumba na roki kuliko ngoma za nyumbani, akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Rai ile ilikuwa ya haki, kwani mkoloni alikuwa ametufundisha kujionea haya. Lakini rai njema ikiangukia mikononi mwa watendaji wenye haraka hugeuka kitu kingine. Mwishoni mwa 1968 ikaja Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana, na mwaka 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Visiwani nako mkasi ulizikuta suruali za bugaluu na nywele ndefu. Tuliwapima vijana kwa futi na inchi. Maneno waliyokuwa wakiyaimba na kuyasikiliza hatukuyapima kwa bidii ile.

Taarab yetu imepita njia hiyohiyo. Wazee wa Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905, walirithi muziki wa fidla, udi na ganuni, wasikilizaji wakikaa kwa adabu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani, akiimba kwa Kiswahili, alikuwa amekwisha kuipa sura mpya taarab iliyozoeleka kuimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Katika miaka ya 1990 likaja kundi la East African Melody na vinanda vya umeme, rusha roho ikaenea, watu wakainuka vitini. Ubishi haujesha hadi leo. Sisi tuliosomea chuoni tunakumbuka kwamba hata matari ya maulidi yana wanaoyapinga na wanaoyatetea, wote kwa vitabu mkononi.

Mwaka 2020 majirani zetu wa Kenya walitoa mfano uliokwenda mbali zaidi. Vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliojiita Duma, yaani giza kwa Kikikuyu, walitoa albamu yenye jina hilohilo kupitia kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni roki ya aina ngumu kabisa, mayowe juu ya mitambo inayounguruma. Magazeti ya muziki ya Ulaya yaliwasifu. Hapa kwetu Afrika Mashariki mtu akiusikia muziki wa namna hiyo mara ya kwanza, hasa akiyaona na mavazi meusi, aghalabu hukimbilia kusema kwamba ni ibada ya shetani. Hatusemi kwamba tumeupenda. Masikio yetu yamelelewa na ganuni. Lakini hukumu ya shetani iliyotolewa kwa kutazama rangi ya fulana si hukumu ya mtu mzima.

Kwetu Tanzania tunao wawili wengine. Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeifanya Bagamoyo kuwa makao yake, alitoa mwaka 2002 albamu iitwayo Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Msikilizaji aliyezoea zeze na ilimba katika albamu ya Chibite ya mwaka 1996 ana haki ya kushtuka akisikia gitaa la umeme limezunguka sauti ile. Hata hivyo sauti ni ileile, na mwenyewe hakuacha Ugogo wake kwa ajili ya gitaa. Mzee alifariki Desemba 2003. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa albamu yao, Maisha. Wanawake wa ukoo ule walikuwa wakiitikia nyuma ya wanaume. Sasa wawili hao wamesimama mbele na ala mikononi. Badiliko hilo ndilo la kuzungumzwa, kwa sababu limegusa nafasi ya mtu katika jamii.

Turudi Mara. Miongoni mwa Wakurya tohara hufanywa kwa misimu, aghalabu Desemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na wasichana nao hukeketwa. Msimu haupiti kimya. Misafara huimba njia nzima, aliyekatwa husifiwa, na asiyekatwa huitwa msagane, neno la kumtoa mtu katika hesabu ya watu. Msichana wa miaka kumi na mitatu husikia neno hilo kabla hajasikia sheria yoyote. Sheria ipo tangu 1998: anayemkeketa aliye chini ya miaka 18 hustahili kifungo cha miaka isiyopungua 5 na isiyozidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Faini hiyo leo hainunui hata ng'ombe mzuri mmoja katika nchi ya wafugaji. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2015-16 ulikuta katika Mara asilimia 32 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta 28. Yamepungua, lakini polepole. Kila msimu wako wasichana wanaokimbilia nyumba salama za Mugumu na Butiama.

Basi tunawauliza mashabiki wa Tarime na Serengeti: wimbo wa kumwita mtoto msagane ukipigwa kwa iritungu halisi na mpigaji aliyevaa ngozi, je, huo ndio urithi mnaoulilia? Na ukipigwa kwa kinanda cha umeme na kijana mwenye miwani, je, hayo ndiyo maendeleo? Swali hilohilo tunaliuliza juu ya nyimbo zinazomsifu mwizi wa ng'ombe na kuchochea koo kupigana, katika eneo ambalo Serikali ililazimika kuliundia mkoa wake wa kipolisi, Tarime na Rorya. Kijana akiichukua ala ya babu yake, au mashine yake mwenyewe, akamsifu binti aliyekataa kisu na kubaki shuleni, sisi tutamsikiliza hata akivaa gunia.

Maafisa utamaduni wa wilaya wanajua lugha na wanajua majina ya wapigaji. Wasingoje barua kutoka juu. Wakae na waimbaji kabla ya msimu, si kuwatisha kwa vibali, bali kuzungumza nao kama watu wenye ushawishi kuliko mkutano wa hadhara. Wazee wanaoipiga iritungu kwa ufundi wa zamani watiwe sauti zao katika hifadhi ya redio ya taifa wangali hai, pamoja na maelezo ya maana ya kila wimbo. Na sheria ya hakimiliki ya 1999 iwafikie hao ambao nyimbo zao hupita kutoka simu hadi simu, kutoka Sirari hadi Mugumu, bila ya wao kuona hata senti ya nauli.