Shaba Iko Ndani ya Prosesa, Watoto wa Kolwezi Wako Wapi?

Kolwezi, Lualaba. Kuna neno linalorudiwa sana kwenye mikutano, kuanzia Dilala mpaka Fungurume: kompyuta ni mambo ya Wazungu na Wachina, kazi ya Kolwezi ni kutoa mawe. Wanaolisema ni watu wakubwa, tena wenye simu mbili mkononi. Neno hilo ni uongo, na wanaoulipia ni watoto wa familia zilizobomolewa nyumba ili karieri ipanuke.

Hizo simu mbili zina nini ndani? Zina prosesa, kipande kidogo kinachofanya hesabu zote. Kina transista mabilioni, na zote zinaunganishwa kwa waya nyembamba mno. Kwa miaka mingi waya hizo zilikuwa za alumini. Septemba 1997 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kwamba watafiti wake wameweza kutumia shaba, kwa kuwa shaba hupitisha umeme vizuri zaidi. Kabla ya hapo ilikuwa inawashinda: shaba hupenya ndani ya silikoni na kuiharibu. Dawa ilikuwa kuizungushia ukuta mwembamba wa tantalamu, ile inayotoka katika koltani. Na mwaka huohuo wa 1997 jimbo hili liliacha kuitwa Shaba, likarudia jina la Katanga. Hapa hakuna aliyeambiwa habari ya IBM.

Waya ziliendelea kupunguzwa mpaka shaba yenyewe ikaanza kulemewa. Waya ikiwa nyembamba kupita kiasi, umeme hugonga kuta na kukwama, na mkondo husukuma chembe za shaba hadi waya inakatika. Ndipo mwishoni mwa 2017 Intel ikaeleza kwamba katika prosesa zake za nanomita 10, tabaka mbili za chini za waya zimetengenezwa kwa kobalti. Kobalti, ile ambayo zaidi ya sehemu saba kwa kumi za dunia nzima hutoka Kongo, na nyingi hutoka Lualaba. Baadaye Intel ilirudia shaba, ila shaba iliyovikwa kobalti.

Na si habari ya jana. Transista ya kwanza kabisa, Desemba 1947 huko Marekani, ilikuwa ya jemaniamu. Madini ya Kipushi yana jemaniamu, na Union Minière iliiuza tangu enzi za Wabelgiji. Wazee waliovuta toroli kule hawakuambiwa ni ya nini.

Haifai kudanganya mtu. Kobalti iliyo ndani ya prosesa moja ni ndogo kuliko chembe ya unga wa bukari. Sehemu kubwa huenda kwenye betri. Lakini hapo ndipo penyewe. Mwaka 2025 kilo ya shaba ilikuwa dola kumi hivi, na prosesa moja ya kompyuta kubwa, ambayo mtu anaificha kiganjani, huuzwa dola elfu kadhaa. Tofauti hiyo hailetwi na uzito. Inaletwa na ramani ya prosesa, yaani namna ya kupanga amri zake, njia zake na kumbukumbu yake.

Watu wakubwa watajibu kwamba kiwanda cha prosesa kinagharimu dola mabilioni na hakivumilii umeme kukatika hata sekunde moja. Ni kweli, na hapa umeme unajulikana ulivyo. Lakini nani aliyeomba kiwanda? Kampuni ya ARM ya Cambridge, Uingereza, ambayo ramani yake imo karibu katika kila simu inayouzwa sokoni Kolwezi, ilitajirika bila kiwanda hata kimoja. Iliuza ramani tu. Na kuna ramani nyingine isiyolipiwa hata senti. Inaitwa RISC-V, ilianzishwa 2010 katika chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, na yeyote anaweza kuisoma na kuitumia. Amri zake za msingi ni 40 hivi. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida, hata ya mtumba, anaweza kuchora prosesa yake, kuijaribu ndani ya programu na kuona kama inahesabu sawasawa, bila kuwa na kiwanda.

Tangu 2022 Lubumbashi ina kituo cha Afrika cha utafiti wa betri. Ni vizuri. Ila mtu anayesoma betri peke yake anasoma tumbo la simu, kichwa chake amewaachia wengine.

Sasa pesa. Sheria ya madini ya 2018 inasema kobalti, kama madini ya kimkakati, inalipiwa ushuru wa asilimia 10. Katika ushuru huo wa madini, nusu inakwenda Kinshasa, asilimia 25 jimboni, asilimia 15 kwa mamlaka za mahali penye mgodi, na asilimia 10 katika mfuko wa vizazi vijavyo. Hivyo vizazi ndivyo vilivyolala chini ya turubai. Mwaka 2014 mtu wa Kasulo alichimba kiwanjani kwake akakuta kobalti. 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta na familia mia kadhaa zikaondolewa. Mwaka 2023 Amnesty International iliandika juu ya waliohamishwa Cité Gécamines, hapahapa mjini. Anayehamishwa huhesabiwa tofali na mabati. Kilicho chini ya nyumba, wanaambiwa, ni mali ya Serikali.

Basi kama ni mali ya Serikali, Serikali ioneshe mtoto wa mwenye nyumba amepata nini. Kila mkataba wa kuhamisha watu uandike, pamoja na tofali na mabati, karo ya shule ya ufundi hadi cheti. Wakuu wa komini za Dilala na Manika wabandike ukutani, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, asilimia 15 imeingia kiasi gani na imenunua kompyuta ngapi za shule. Na mfuko wa vizazi vijavyo useme, kwa jina la shule na kwa tarehe, ni darasa gani la Kolwezi litakaloanza kufundisha ramani ya prosesa.