Je, Hewa Huuzwa?



Wiki iliyopita, baada ya darsa la akina mama, mzazi mmoja alisalia nyuma ili atuulize jambo. Binti yake amefuzu mtihani na anataka kusomea sera za tabianchi na biashara ya kaboni. Baba mtu amekataa. Hoja yake ni kuwa hewa haishikiki, na kuuza usichokishika ni gharari. Je, kazi hiyo ni halali?

Kwanza tumpongeze baba, kwani ameuliza la kuulizwa kabla ya kutoa karo. Lakini wanavyuoni wametufunza kwamba hukumu ya kitu huja baada ya kukifahamu. Basi na tukifahamu.

Tutazame Gazi, kule Kwale. Mikoko ya pwani yetu ilikatwa miaka mingi kwa boriti na kuni. Boriti nyingine zikapakiwa majahazini hadi Uarabuni. Tangu 2013, wenyeji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko. Wamepanda pia mivinje, ili watu wapate kuni na miti ya kujengea bila kuigusa mikoko. Mkoko huvuta hewa ya ukaa na kuihifadhi, sehemu kubwa ikikaa ndani ya tope. Mtaalamu huingia humo na utepe, akapima unene wa shina kwenye kimo cha kifua, akachukua udongo, akapiga hesabu. Tani moja iliyozuiwa huwa hati moja, na mkaguzi asiye wa mradi huihakiki. Hesabu ya Gazi ni kama tani 3,000 kwa mwaka, na mapato yake yamesaidia maji na shule za vijiji hivyo.

Kwa fahamu yetu, basi, kinachouzwa hapo si hewa bali ni kazi ya ulinzi iliyopimwa na kushuhudiwa. Hata hivyo, hofu ya baba haikukosa msingi. Gharari huingia pale msitu usiokuwa hatarini unapohesabiwa kuwa umeokolewa, au tani moja inapouzwa mara mbili. Wala mnunuzi wa mbali asijione ametakasika ilhali moshi wa viwanda vyake haupungui. Sura ya Al-Mutaffifin imewaonya wapunjao vipimo, na onyo hilo halikuishia kwenye pishi la mchele.

Hapa ndipo tunapomhitaji binti huyu. Sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi, kama ilivyorekebishwa 2023, inataka mradi wa kaboni ulio juu ya ardhi ya jamii uwe na mkataba na wenyewe, nao wapate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka. Ni haki njema. Lakini asilimia 40 ya kiasi gani? Ni nani aliyepima, na ni nani aliyeuza kwa bei gani? Ikiwa hakuna mtoto wetu hata mmoja awezaye kuusoma mkataba huo, tutatia dole gumba kisha tushukuru kwa tutakachopewa.

Wako watakaosema kwamba kuingia topeni hakumstahiki msichana. Bibi zetu waliingia topeni kutafuta chaza na kamba, na stara zao wakawa nazo. Sembuse mjukuu aliyeshika utepe wa kupimia?

Nasaha yetu kwa baba ni hii: mruhusu, lakini mshikishe amana kabla ya shahada. Apime kwa haki, asitie saini tani asiyoiona, na akiajiriwa na wanunuzi asisahau waliopanda. Nasi wazazi wengine tusiwaache mabinti waikimbie hisabati wakiwa darasa la nne, kisha tulalamike kuwa mizani imeshikwa na wageni.

Baba bado hajatoa jawabu. Tunamuombea Mola amfungulie lenye kheri.

Wallahu aalam.