Ni Nani Aliyeshika Ufunguo?

Waswahili tuna methali mbili ambazo, kila nikizifikiri, naona hazikai nyumba moja. Moja yasema samaki mmoja akioza huoza wote. Ya pili yasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ile ya kwanza yafaa sokoni, mbele ya tenga la samaki. Lakini sisi aghalabu huichukua tukaingia nayo skulini, tukawapimia watoto wa watu: wavulana ndio hivi, wasichana ndio vile. Na siku hizi ambapo kila skuli yazungumza habari za kompyuta, kipimo hicho chazidi kutumika, tena na watu waliosoma.

Mwaka jana, 2025, safari ya kazi ilinifikisha Lokitaung, kaskazini ya Lodwar, katika nchi ya Waturkana. Ni mji mdogo wa mawe na jua kali. Wakenya wengi waujua kwa jambo moja tu: huko ndiko serikali ya kikoloni ilikomfunga Mzee Jomo Kenyatta na wenzake baada ya hukumu ya Kapenguria ya 1953, naye akakaa huko hadi 1959 alipohamishiwa Lodwar. Wenzake walifanyishwa kazi ngumu za mikono. Yeye, kwa sababu ya umri wake, akapewa kazi ya kuwapikia. Basi mtu aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya alishika mwiko kule jela, wala sijapata kumsikia mtu akisema kuwa jikoni si mahali pa mwanamume. Haja ilipofika, kipimo kiliwekwa kando.

Jioni moja nilikuwa nimeketi mkahawani nakunywa chai ya rangi, na karibu yangu palikuwa na mwalimu wa skuli moja ambayo sitaitaja. Alikuwa akieleza habari za chumba cha kompyuta. “Wasichana hawana mapenzi na mashine,” alisema. “Chumba nakifungua kila jioni baada ya masomo. Wavulana huja ishirini, wasichana hawazidi wawili. Hiyo ndiyo hali yao, si mimi niliyewaumba hivyo.”

Mama mmoja aliyekuwa akiuza vikapu mlangoni akamwuliza kwa Kiswahili chake cha polepole, “Mwalimu, saa hizo wasichana wako wapi?”

Mwalimu akanyamaza. Sote tulijua walipo. Walikuwa kwenye mto mkavu, wameinama ndani ya mashimo waliyochimba mchangani, wakiteka maji kata kwa kata hadi dumu lijae. Anayeinama shimoni saa kumi na moja jioni hawezi kuwa mbele ya kompyuta saa hiyo hiyo, hata kama mapenzi yake na mashine yashinda ya wavulana wote ishirini.

Sikumwona mwalimu yule kuwa mtu mbaya. Amejitolea, amefika mbali na kwao, na hesabu yake ya vichwa ni ya kweli. Kosa lake ni moja, nalo ndilo kosa letu sote: alichagua saa ya kufungua mlango, kisha akasahau kuwa ni yeye aliyeichagua. Matokeo ya saa ile akayaita maumbile ya wasichana.

Ndugu msomaji, jambo hili halikuanza Turkana, na wala si la watu wasiokuwa na mashine nyingi. Mwaka 1946 Wamarekani walipoitoa hadharani kompyuta yao kubwa iliyoitwa ENIAC, waliokuwa wakiipangia hesabu za kufanya walikuwa wanawake sita. Wakati huo watu waliona kuunda chuma ndiyo kazi ya wanaume, na kukipangia hesabu ni kazi ya ukarani inayowafaa wanawake. Miaka ikapita, kazi ile ikapata heshima na mshahara, na maneno yakageuka. Kufikia 1984, katika kila watu mia waliohitimu somo la kompyuta katika vyuo vikuu vya Marekani, takriban 37 walikuwa wanawake. Baadaye idadi ikashuka ikafika kama nusu ya hapo. Je, akili za wanawake wa Marekani zilipungua? Hasha. Miaka ile kompyuta ndogo zilianza kuingia majumbani, na matangazo ya biashara yakaziuza kama vitu vya kuchezea vya wavulana. Baba akamnunulia mwanawe wa kiume. Msichana akafika chuoni akamkuta mwenzake ameshazoea tangu utotoni. Watu wakasema, mwaona? Hawawezi.

Turudi Lokitaung. Katika upande huohuo wa magharibi ya Ziwa Turkana pana mahali paitwapo Lomekwi. Hapo mwaka 2011 watafiti walioongozwa na Sonia Harmand, bibi wa Kifaransa, waliona zana za mawe ambazo umri wake, kama walivyotangaza 2015, ni miaka milioni 3.3. Hadi sasa ndizo zana kongwe kuliko zote zilizojulikana duniani. Maana yake ni kuwa ufundi wenyewe, huu tunaougombania leo, alama yake ya kwanza tuijuayo iko katika nchi ile kavu. Na hakuna mtaalamu awezaye kutwambia kama mkono uliogonga jiwe lile ulikuwa wa kiume au wa kike.

Huko Turkana hata leo anayejenga nyumba ni mwanamke. Ndiye achaguaye fito, azikunjaye na kuzifunga hata zikastahimili upepo. Ndiye asukaye vikapu kwa majani ya mkoma, mti uleule ambao sisi watu wa Pwani twauchania miyaa. Mwenye mama au nyanya aliyesuka ukili ajua kuwa ile ni hesabu: huu upite juu, ule upite chini, ukikosea mmoja ua zima laharibika, yapasa ufumue. Kompyuta nayo ndani yake haina zaidi ya hayo, ndiyo na la, moja na sufuri, zikifuatana kwa utaratibu. Mikono iliyozoea hesabu hiyo kwa karne nyingi, leo twaiambia haina kipaji cha mashine!

Na sisi Waislamu ndio tusingestahili kabisa kusema hivyo. Neno la kwanza lililoteremshwa lilikuwa amri ya kusoma, na Mtume wetu (S.A.W.) alifanya kutafuta elimu kuwa faradhi kwa kila Muislamu. Kurasa za Qurani zilizokusanywa wakati wa Sayyidna Abubakar, baada ya Sayyidna Umar zilihifadhiwa kwa nani? Kwa Bibi Hafsa. Katika karne ya kumi, kule Halab, katika zama za Sayf al-Dawla, alikuwako mwanamke ajulikanaye kama al-Ijliyya, fundi wa kuunda asturlabu, chombo cha kupimia nyota. Hapa kwetu, Mwana Kupona aliuandika utendi wake mwaka 1858, na kalamu wakati huo ilikuwa chombo cha wachache. Mimi mwenyewe chuoni nilianza kusoma kwa ubao wa mti na wino, na aliyekuwa akinisahihisha herufi ni dada yangu, maana alihitimu kabla yangu. Kishikwambi cha leo ni ubao wa umeme. Vipi ubao wa kwanza umfae, wa pili umshinde?

Kuna jambo jingine latuhusu zaidi. Sisi watu wa Pwani twajua uchungu wa kupimwa kwa tenga. Mara ngapi tumeambiwa kuwa mtu wa Pwani ni mvivu, kazi yake ni baraza na kahawa? Mturkana naye huambiwa kuwa yeye ni wa kuchunga mbuzi, kitabu si chake. Na kwa neno hilo wavulana wengi wameachwa nyuma ya mifugo, hawakuliona darasa. Tukiambiwa sisi twakasirika, na tuna haki. Kisha twarudi majumbani tukawapima binti zetu kwa tenga lilelile.

Hapa yanipasa kukiri. Kabla ya safari ile, mwanangu wa kike alikuwa Gredi ya 9, na alitakiwa achague njia ya kufuata katika skuli ya juu, baina ya njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Serikali imetaka watoto kama 60 katika kila mia wafuate ile ya kwanza. Yeye alitaka kompyuta. Nikamwambia, “Mwanangu, hayo waachie kaka zako.” Akanitazama akasema, “Baba, simu yako ikikwama humwita nani?” Nikacheka, wala sikumjibu. Jibu lake lilinijia Lokitaung, kwa swali la muuza vikapu. Niliporudi Lodwar nilimpigia simu, nikamwambia aandike analolitaka. Januari hii, 2026, ameingia Gredi ya 10 pamoja na wenzake wa mwanzo katika mtaala huu, naye yumo katika njia aliyoichagua. Kama atashinda au atashindwa, Mungu ndiye ajuaye. Lakini kushindwa kwake kutakuwa kwake, hakutakuwa kwangu.

Basi tufanye nini? Tuliahidiwa kompyuta za watoto wa darasa la kwanza mwaka 2013, na kuanzia 2016 vishikwambi vikapelekwa katika maelfu ya skuli za msingi. Wengi wetu tumeviona vikilala kabatini, na kufuli juu yake. Kwa hivyo swali la kwanza la mzazi katika mkutano wa skuli lisiwe vifaa ni vingapi. Na liwe: ufunguo anao nani, na mlango hufunguliwa saa ngapi? Somo la kompyuta liwekwe ndani ya ratiba ya asubuhi, watoto wote wakiwapo. Panapohitajiwa stara, ziwekwe zamu za wasichana na zamu za wavulana, saa kwa saa, bila ya upande mmoja kupewa mabaki. Kakuma, mbali kidogo na huko, katika kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa 1992, ipo skuli ya upili ya bweni ya wasichana peke yao. Hapo hapana wa kumwambia binti kuwa kiti kile ni cha kaka yake. Na ambako maji yako mbali, kisima karibu na skuli ni sehemu ya somo la kompyuta, ingawa afisa wa elimu hataliandika hivyo.

Wenye tabia ya kusema “wasichana hawapendi” nawaomba wangoje kidogo. Mlango ukae wazi kwa wote mwaka mzima, saa zilizo sawa, kisha tuhesabu vichwa. Nami nafunga kwa ubeti wangu huu:

Ufunguo wa elimu, usitiwe mfukoni,
Binti naye ana hamu, ya kuketi darasani,
Tusianze kuhukumu, hajagusa mkononi,
Tufungue kwa nidhamu, waingie wote ndani.