Wati 10,000 za Uongo

Wasee, leo tuanze na hesabu. Chomoa plagi ya ile sabufa yako uiangalie. Ndani kuna fyuzi, na fyuzi kubwa kabisa inayoingia kwenye plagi zetu ni ya ampea 13. Stima ya Kenya ni volti 240. Zidisha: 13 mara 240 ni 3,120. Hizo ndizo wati zote soketi moja inaruhusiwa kutoa, na hapo ungekuwa unachemsha maji na hita, sio unaskiza Super Mazembe. Sasa niambie, hiyo boksi imeandikwa 10,000W kwa rangi ya dhahabu inatoa wapi hizo zingine? Kwa jirani?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sijarudi, lakini kuzidisha bado najua.

Angalia vizuri kando ya hiyo namba. Kuna herufi nne ndogo: PMPO. Hakuna kipimo kimoja kinachokubalika cha hiyo PMPO, kwa hivyo mwenye kiwanda anaandika namba inayompendeza. Ya ukweli inaitwa RMS, na hiyo huwa imefichwa kwa kitabu cha maelezo kama haipo kabisa. Ukikosa kuiona, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma, pale wameandika inakula stima kiasi gani. Kama inakula wati 60, haiwezi kukutolea mia kwa muda wa wimbo mzima. Ng'ombe hatoi maziwa mengi kuliko maji anayokunywa.

Na hata zingekuwa za ukweli, za nini? Spika ya kawaida ya nyumbani, ukiipatia wati moja, moja tu, na ukae mita moja kutoka hapo, inakupigia desibeli kama 85 hivi. Hiyo ni sauti ya kutosha mama wa mlango unaofuata aanze kugonga ukuta. Ukitaka kuongeza desibeli 3 juu ya hapo inabidi uongeze wati mara mbili, na desibeli 3 sikio lako linaskia tu kama imepanda kidogo. Kutoka wati 50 kwenda 100 ni desibeli 3. Wewe unaishi bedsitter. Kitanda, jiko na spika vinasalimiana kila asubuhi. Wati 20 safi zitakutosha mpaka uoe.

Ningekaa kimya kama ingekuwa ni suala la watu wenye pesa kuchezea pesa. Lakini jumbe ninazopata ni za vijana wa rika langu, mwingine ameokota 20,000 kwa vibarua vya miezi minne, ameletewa sanduku la santuri za guka ama kaka yake mkubwa amemwachia CD, na anataka tu kuskia. Halafu anaingia mtandaoni kuuliza na anaambiwa anunue vitu viwili: sabufa ya wati za uongo, na gramafoni ya sanduku.

Hiyo ya pili ndiyo imenileta hapa.

Mnazijua. Vile visanduku vya pinki ama kijani, vina mpini, ukifungua kuna sahani ya kuzungusha santuri na vispika viwili kama vya redio ya mlinzi. Kwa picha zinapendeza. Zinakaa vizuri kando ya mmea na mshumaa. Shida ni ile sindano. Nyingi zinatumia katriji ya seramiki ambayo inabonyeza santuri kwa uzito wa kama gramu 5, na mkono wake hauna kitu cha kurekebisha uzito huo. Katriji ya kawaida ya bei ya chini, ile AT3600L ya Audio-Technica, inafanya kazi kati ya gramu 2.5 na 3.5. Ukipanda kidogo, AT-VM95E, ni gramu 2. Unaweza kusema tofauti ya gramu 3 ni kitu gani, ni kama chumvi ya kwenye yai. Lakini huo uzito wote unasimama kwa ncha nyembamba kuliko unywele wako, inapita ndani ya mfereji wa plastiki, santuri nzima, kila siku. Ongeza kwamba vispika viko ndani ya boksi moja na sindano, kwa hivyo besi ikipiga boksi linatetemeka, sindano inatetemeka, na inasoma mtetemo wake mwenyewe kama ni muziki. Na ncha ikishachakaa, ile sio sindano tena. Ni patasi.

Mwezi uliopita kampuni moja ilinitumia barua pepe. Video tatu, niseme kisanduku chao kinakupa "sauti halisi ya zamani", nipewe pesa ya rent ya miezi miwili. Niliwauliza swali moja: sindano yenu inabonyeza gramu ngapi? Wakanijibu kwa kunitumia picha za rangi zinazopatikana. Nikauliza tena. Kimya. Basi, nikakataa. Lakini nimeona zile video zimetoka kwa kurasa za watu wengine, maneno yaleyale, mshumaa uleule. Sitawataja. Mnajijua, na mnajua hamkuuliza.

Mtu ataniambia, si ni santuri yake, aiharibu akitaka. Sawa, kama ni ile mpya ya msanii wa Marekani, ikiisha wanachapa nyingine. Mimi naongelea zile zetu. Miaka ya 70 Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri hapahapa, na wanamuziki walikuwa wanatoka Kongo na Tanzania kuja kurekodi kwetu. Les Mangelepa ilizaliwa Nairobi 1976. Kamaru alikuwa anatoa ngoma kwa zile santuri ndogo za mizunguko 45, wimbo upande huu, wimbo upande ule. Hivyo ndivyo muziki mwingi wa huko nyuma ulivyouzwa: Kikuyu, Luo, Kikamba, Kiswahili, kwa vipande vidogo vya plastiki. Baadhi zimeokolewa. Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa Kenya Special 2013. Mjukuu wa Kamaru, yule KMRU mnayemskia kwa muziki wa majaribio, amekuwa akirudisha kazi za guka yake kupitia Bandcamp. Lakini chukua santuri kumi kutoka kwa sanduku lolote la mzee yeyote huko Murang'a ama Siaya, uzitafute kwa simu yako moja moja. Mimi nimefanya hivyo. Zile unazozikosa ni nyingi kuliko zile unazozipata. Kopi iliyo chini ya kitanda cha guka inaweza kuwa moja kati ya chache zilizobaki, na tayari imepigwa sana kwa baa na kwa mikono mizito ya zamani. Mfereji ukikwanguliwa haurudi. Hakuna fundi wa hiyo.

Kwa hivyo hizo pesa zako ziende wapi? Hapa nitakosana na watu wa santuri pia. Gramafoni iwe ya mwisho.

Anza na CD. Naskia mkiguna. CD ilitoka 1982, inachukua sampuli 44,100 kwa sekunde, haina mchakacho, na ukimya wake ni ukimya kweli. Kwa usafi wa sauti inaipiga santuri, na yule anayekuambia kinyume anaongelea mapenzi, sio vipimo. Mimi sipendi santuri kwa sababu ya sauti yake "yenye joto". Napenda santuri kwa sababu ngoma ziko huko na hazipo kwingine. Na pleya ya CD tayari unayo: ni ile DVD ya mama iliyokufa kifo cha kawaida siku televisheni ya intaneti ilipoingia, sasa imelala kwa ukuta chini ya kitambaa. Nyuma ina matundu ya rangi nyekundu na nyeupe. Hayo ndiyo unahitaji.

Pesa kubwa iende kwa spika na amplifaya ya mitumba. Zunguka Luthuli, zunguka wale wanaouza vitu vya ex-UK, utafute amplifaya ndogo ya stirio, nyeusi, mbaya kwa macho, ambayo haina taa za disko. Kama iko na tundu limeandikwa PHONO, umebahatika, nitakuambia kwa nini. Na spika mbili za mbao. Mbili, mzee, sio tano na dude la kukaa chini ya meza. Bonyeza pole pole kwa kidole ule mpira unaozunguka koni. Kama unamomonyoka kama keki, punguziwa bei ama uende kwingine, ingawa kuna mafundi wa kuubadilisha. Zungusha kitufe cha sauti: kikikwaruza ni vumbi, kinasafishwa. Upande mmoja ukinyamaza, hapo mimi huondoka.

Soma volti kabla hujalipa. Vitu vya Uingereza havina shida na stima yetu. Vya kutoka Japani vimeandikwa AC 100V, na ukivichomeka kwa ukuta moja kwa moja utaskia mlipuko mmoja na harufu, na hiyo ndiyo itakuwa tamasha lote. Vya Marekani ni volti 120. Vinaweza kutumika na transfoma, lakini hesabu bei ya transfoma ndani. Gramafoni nyingine za zamani pia mota yake inafuata mapigo ya stima, 50 huku, 60 Marekani, kwa hivyo ile ya Marekani ikiletwa hapa inazunguka pole na Franco anaimba kama amechoka.

Halafu kuna ile marekebisho ya bure ambayo hakuna mtu atakuuzia. Toa spika kwa wall unit. Toa kitambaa, samahani mama, najua umekishona wewe, lakini sauti zote za juu zinaishia kwa huo uzi. Usiziweke kwa pembe ya nyumba, besi itavimba. Ziinue na kreti za soda mpaka ile spika ndogo ya juu ilingane na masikio yako ukiwa umekaa, na umbali kati yao ulingane na umbali kutoka kwako. Nimewafanyia marafiki wanne hii kitu na wawili kati yao walidhani nimewabadilishia mashine.

Waya? Waya wa shaba wa hardware, 1.5, ule wa nyuzi nyingi. Kuna wazee wa Karen na Runda watakuambia chini ya laki mbili huskii muziki, na waya lazima uwe na fedha ndani. Hao na watu wa PMPO ni ndugu. Mmoja anakuuzia wati ambazo hazipo, mwingine anakuuzia tofauti ambayo haipo.

Sasa ndio gramafoni. Mpya ya bei ya chini ambayo siwezi kuionea haya ni kama AT-LP60X: inatumia ile katriji ya AT3600L, na sindano ikiisha unachomoa unaweka nyingine. Huwezi kubadilisha katriji yenyewe, hicho ndicho kikomo chake. Kama ni ya mitumba, bajeti ya sindano mpya iwekwe siku hiyohiyo, hata kama muuzaji ameapa kwa mama yake kwamba bado ni nzima.

Ile PHONO niliyokuahidi ni hivi. Pleya ya CD inatoa kama volti 2. Katriji ya santuri inatoa kama elfu moja nne za volti, yaani imepungua mara 500. Ukiichomeka kwa AUX utaskia mbu akiimba rumba. Tena santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zimeongezwa, na tundu la PHONO ndilo linarudisha kila kitu mahali pake. LP60X ina kikuzaji chake ndani, na kiswichi nyuma. Chagua kimoja: ukitumia cha ndani, chomeka AUX, ukitumia tundu la PHONO, zima cha ndani. Ukiwasha vyote viwili sauti itapasuka na utalaumu santuri bure.

Na kabla sindano haijagusa, osha. Brashi laini na maji ya betri, yale yaliyotoneshwa, ya petroli stesheni. Maji, sio asidi ya betri, tafadhali, tusizikane. Lebo ya katikati isilowe.

Ile 20,000, kama ingekuwa yangu: 12,000 kwa amplifaya na spika, 500 kwa waya, DVD bure, iliyobaki ingojee gramafoni na sindano nzuri hata kama ni miezi mitatu. Santuri za guka zimengoja miaka 40, zitangoja. Kama huwezi kungoja, beba mbili tatu kwa bahasha uende Kenyatta Market, pita nyama choma na wasusi, uulize kibanda cha Real Vinyl Guru. Jimmy Rugami yuko hapo na santuri tangu 1989. Uliza bei za mashine, skiza yako kwa kitu kinachojua kazi yake, na kama ni ngoma hakuna mtu ameiona mtandaoni, niandikie jina na namba iliyo kwa lebo. Nimeanza orodha.